Uongo Ulionipatia Maksi

Niliposoma masta ya muziki niliandika, katika kazi moja ya somo la nadharia, tanbihi iliyosema kwamba tofauti zinazosikika kati ya rekodi na nota zangu zinatokana na waimbaji kutokuwa na mafunzo ya muziki. Waimbaji wenyewe ni kina mama wa Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida nilikozaliwa. Maneno yale ni ya uongo, na wakati nayaandika nilijua kuwa ni ya uongo. Kazi ikasahihishwa, nikapata A, nikanyamaza.

Chuo sikitaji, wala mhadhiri. Hawana kosa katika habari hii, na nikiwataja nitaonekana natafuta wa kugawana naye lawama. Nimeamua kusema kwa sababu nimekuta kazi ya mwanafunzi mwingine, ambaye hatufahamiani, imeinukuu tanbihi yangu. Ameandika kwamba kwa mujibu wa mtafiti mwenyeji wa Unyambwa, waimbaji wa huko hawakufundishwa muziki. Uongo wangu umeota miguu na unatembea vyuoni kwa jina langu. Akija wa tatu kumnukuu wa pili, nani ataurudisha?

Muziki nilianzia kwenye kwaya ya kanisa, KKKT, kama watoto wengi wa Singida. Mwalimu wetu aliandika wimbo ubaoni kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta na vistari vya kugawa muda, sauti nne moja juu ya nyingine. Mtindo huo wa sol-fa ulianzia Uingereza kwa mwalimu Sarah Glover, John Curwen akauendeleza katikati ya karne ya 19, na wamisionari wakauleta Afrika pamoja na vitabu vya nyimbo. Hauhitaji kinanda wala karatasi maalumu. Unahitaji ubao, chaki na mtu anayeweza kutoa do. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyetunga mwaka 1897 lahani ambayo leo ni ya wimbo wetu wa taifa, aliiandika kwa herufi hizohizo.

Kwa sol-fa nilikuwa hodari. Ukinipa karatasi ngeni naimba besi papo hapo. Nota za mistari mitano ndizo zilizonishinda. Nilihesabu mistari kwa kidole mpaka nifike kwenye nota, na nikifika nimeshasahau iliyotangulia. Nilidhani masta watanifundisha hilo. Nilipofika nikagundua kuwa wanadhani ninalijua tayari.

Siku ya kwanza nilikuta chumba kidogo chenye piano ya ukutani na ubao uliochorwa mistari mitano kwa rangi isiyofutika. Tulikuwa wachache. Mmoja alipiga piano tangu utotoni na vidole vyake havikutulia hata akiwa ameketi, viligonga dawati. Mwingine alitoka bendi ya jeshi, mpiga tarumbeta, anayesoma nota bila kusita. Mwingine alitoka Zanzibar, mpiga ganuni wa taarabu. Niliwatazama nikahitimisha, kabla hata ya kusikia neno, kwamba hapa kila mtu anajua isipokuwa mimi. Ndiyo ilikuwa picha yangu ya kwanza ya darasa lile, na yote niliyoyaharibu baadaye yalitokana nayo.

Mhadhiri aliingia akaweka rekodi ya Hukwe Zawose na ilimba yake. Akairudia mara kadhaa, akasema, "Andikeni mnachosikia." Zawose nilimjua kama wengi tunavyomjua: Mgogo wa Doduma, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuzunguka dunia na muziki wake hadi alipofariki mwaka 2003. Wagogo ni majirani zetu, na sauti zile si ngeni masikioni mwa mtu wa Singida. Niliandika kwanza kwa sol-fa pembeni ya daftari, kwa penseli, nikiziba kwa mkono ili jirani asione, kisha nikaanza kuhamishia kwenye mistari. Nikafika kwenye sauti moja ambayo haikuwa mi kamili wala haikushuka hadi kwenye ile iliyo chini yake. Ilikaa katikati. Nikaandika mi, nikaendelea.

Mpiga ganuni akanyoosha mkono. "Dokta, kuna nota hapa haimo kwenye piano. Niiandikeje?"

Nilimwonea aibu. Nikajisemea, huyu ndugu hamalizi muhula. Kumbe swali lake ndilo lililokuwa somo la siku. Mhadhiri alifurahi waziwazi, akamwita ubaoni aonyeshe wenzake wa taarabu wanavyofanya. Akachora flati iliyokatwa kistari, alama wanayoitumia wapigaji wa makamu za Kiarabu kwa sauti iliyo kati ya funguo mbili za piano. Kisha mhadhiri akaeleza kuhusu Mwingereza Alexander Ellis, aliyeandika mwaka 1885 juu ya skeli za mataifa mbalimbali. Ellis aligawa nusu sauti katika senti 100 ili aweze kupima muziki wowote bila kuulazimisha kwenye piano, na alipopima akakuta kwamba skeli ni nyingi, zimetengenezwa na watu, na hakuna moja iliyoteuliwa na maumbile. Akaeleza pia alichoandika Gerhard Kubik wa Austria juu ya Wagogo, kwamba skeli yao inatokana na sauti ndogondogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja kubwa, kama za uzi unaotetemeka. Katika mfululizo huo ile tunayoiita mi iko karibu senti 14 chini ya mi ya piano. Kwa kipimo hicho, alisema, iliyopotoka ni piano.

Hayo yote nimeyasoma baadaye kwenye daftari la mwenzangu. Siku ile sikuyasikia, nilikuwa nahesabu mistari. Mtu aliuliza mbele yangu swali ambalo mimi ndiye niliyelihitaji kuliko wote, akajibiwa kwa heshima, nami nikatoka na fundisho moja tu: usinyooshe mkono, utajulikana.

Baadaye tukaingia kwa Heinrich Schenker, mwananadharia wa Vienna aliyefariki mwaka 1935. Schenker anauchambua muziki wa watunzi wakubwa wa Ujerumani na Austria tabaka kwa tabaka, anaondoa mapambo, mpaka inabaki sauti ya juu inayoshuka hatua kwa hatua hadi nyumbani, na chini yake besi inayotoka nyumbani, inafika ya tano, inarudi. Mhadhiri aliichora simfoni nzima ikaisha na nota tatu. Nilizihesabu kwa kidole, nikazigeuza kuwa sol-fa kichwani, nikakuta mi, re, do. Na besi: do, so, do.

Furaha niliyoipata siku ile siwezi kuieleza. Nilichokuwa nikikiogopa muda wote kumbe nakijua tangu Shule ya Jumapili! Nikaanza kuona mi-re-do kila mahali, kwenye tenzi, kwenye bongofleva, kwenye matangazo ya sabuni. Mhadhiri alituonya kwamba chombo hiki kilitengenezwa kwa ajili ya muziki fulani wa mahali fulani, na kwamba kukitumia kwingine kunahitaji kwanza kuuliza kama kinafaa. Onyo hilo nalo nimelikuta kwenye daftari la mwenzangu.

Kazi ya mwisho wa muhula ilikuwa kuandika wimbo wa nyumbani kwa nota na kuuchambua. Likizoni nikaenda Singida, nikachukua bodaboda hadi Unyambwa, nikawaomba kina mama waniimbie wimbo wa kupura uwele. Kiongozi wao ni bibi tunayemheshimu wote, na jina lake nalihifadhi. Uwele ulikuwa bado shambani, kwa hiyo waliimba wameketi kwenye mkeka uani, bila fimbo mikononi. Nikarekodi kwa simu, nikawashukuru, nikajifungia chumbani na laptopu.

Niliuandika wimbo ule vibaya mara tatu, na kila kosa lina sababu yake.

La kwanza lilikuwa mapigo. Rekodi haikuwa na fimbo, basi niliweka mstari wa kugawa nota pale neno linapoanza, kwa sababu tenzi nyingi nilizozoea huanza hivyo.

La pili lilikuwa sauti ya pili. Waliokuwa wakiimba chini walifuata sauti ya juu sambamba, ikipanda wanapanda, ikishuka wanashuka, kwa umbali wa tano. Somo la kwanza kabisa la upatanifu wa sauti linakataza tano sambamba, na kanuni za namna hiyo zimo katika kitabu alichokitoa Johann Joseph Fux huko Vienna mwaka 1725, kilichowafunza watunzi kwa vizazi vingi. Nilipoziona tano zile zimejipanga kwenye karatasi nilishtuka kama mwalimu aliyekuta kosa la tahajia kwenye kichwa cha barua. Nikaisahihisha sauti ya pili. Ya juu ikipanda, yangu ikashuka.

La tatu lilikuwa mwisho. Wimbo ule ulikuwa ukizunguka tu, nami nilihitaji mi-re-do. Nikaipata katikati ya mzunguko mmojawapo, nikaukata wimbo hapo, nikaweka mistari miwili ya kufungia.

Kabla sijarudi chuoni nilikwenda kumsalimia Bibi na kumchezea kazi yangu, niliyoipanga kwenye programu ya kompyuta kwa sauti za kinanda. Nilikwenda kusifiwa.

Alisikiliza hadi mwisho. "Wimbo gani huu?"

"Ule wenu wa kupura, Bibi."

"Huu?" Akaniambia niimbe mwenyewe, na maneno. Nikaimba sauti ya juu. Kisha akataka ya chini, niliyoitengeneza mimi. Nilipofika katikati wajukuu walianza kucheka. "Huyo wa chini," akauliza Bibi, "anasema nini?"

Hapo nilielewa, na sitadai kwamba sikuelewa. Kirimi, ambacho wengi wanakiita Kinyaturu, ni lugha ya toni. Silabi ya juu na ya chini zinatofautisha maana, na wanaisimu hupenda kuitolea mfano lugha yetu kwa jambo la ajabu kidogo: sauti ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika kwenye silabi inayofuata. Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha Chuo cha Makumira, aliandika tasnifu nzima juu ya sauti na maumbo ya Kirimi mwaka 1964, na mtu huyohuyo ndiye aliyekusanya nyimbo za ibada kwa lahani za Kiafrika zilizotoka kwa jina la Tumshangilie Mungu. Alijua kwamba lahani na neno vinaongozana. Watu wawili wakiimba neno moja kwa sauti mbili, njia ya kulinda neno ni wote wapande pamoja na washuke pamoja. Sauti sambamba zile nilizoziita kosa zilikuwa na kazi ya kulibeba neno lisivunjike. Nilipoigeuza ya chini ikaenda kinyume, nilimfanya mwimbaji aseme upuuzi mbele ya wajukuu.

Bibi hakuishia hapo. Alichukua fimbo iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuimba, na fimbo ikapiga ardhi. Haikupiga neno linapoanza. Ilipiga baadaye kidogo, na kila ilipopiga wimbo ulikaa sawa kwa namna ambayo kwenye karatasi yangu haukuwahi kukaa. Nota zangu zote zilikuwa upande usio wake wa mstari.

"Na mbona umeukata?"

"Umeisha, Bibi."

"Umeishaje na uwele bado?"

Wimbo wa kupura huisha rundo linapoisha. Hauna mi-re-do, una kazi, na kazi ikikamilika watu wananyamaza, mahali popote walipofika.

Kwa hiyo nilirudi chuoni nikijua kosa liko wapi, na nikijua hata namna ya kulisahihisha. Kulikuwa na muda wa kuomba niongezewe wiki. Kulikuwa na mhadhiri ambaye siku ya kwanza alimwita ubaoni mtu aliyeuliza. Ilinitosha kwenda ofisini kwake na kusema: Dokta, nota ninazisoma kwa kubabaisha, nimeukosea wimbo, naomba nianze upya. Sikwenda. Niliogopa kwamba nikilifungua hilo, yatafunguka mengine, na itajulikana kwamba muda wote ule nilikuwa nakaa darasani nikiziba daftari kwa mkono.

Lakini rekodi ilitakiwa kuambatanishwa na kazi, na yeyote mwenye masikio angesikia kwamba kina mama hawaimbi nilichoandika. Nikahitaji maelezo. Ndipo usiku mmoja nikaandika tanbihi ile, sentensi moja, waimbaji hawana mafunzo, nikalala usingizi mzuri kabisa.

Mhadhiri hakuipitisha kirahisi. Aliizungushia kalamu nyekundu akaandika pembeni: "Umejuaje?" Siku ya kujitetea akaniuliza tena kwa mdomo. Nikajibu, "Mimi ni wa kule, Dokta."

Alinitazama kidogo, akafunga faili. Angefanya nini? Mtu akikwambia nimezaliwa pale, wale ni mama zangu, kuendelea kumhoji kunakuwa kama kumvunjia heshima. Nililijua hilo, ndiyo maana nilisema vile. Unyambwa nilijifanya msomi wa chuo, darasani nikajifanya mtoto wa Unyambwa, na katika pande zote mbili nilikuwa nimejificha. Hili ndilo linaloniuma kuliko tanbihi yenyewe. Sikujua kitu, nikaogopa kijulikane, basi ujinga wangu nikaukabidhi kwa watu ambao hawakuwepo chumbani kujitetea.

Baadhi ya marafiki niliowasimulia wamenipa njia ya kutokea. Wanasema nilikuwa mateka wa elimu ya kikoloni. Hoja ipo na ina uzito. Kofi Agawu wa Ghana aliandika mwaka 2016 kwamba upatanifu wa Kizungu, ulioingia Afrika hasa kwa njia ya tenzi, ulifanya kazi ya ukoloni masikioni mwetu. Mwaka 2020 Mmarekani Philip Ewell alichapisha makala iliyozua mabishano makubwa, akionyesha kwamba Schenker mwenyewe alikuwa mbaguzi wa rangi na kwamba somo la nadharia huko Marekani limejengwa kana kwamba muziki wa watu weupe ndio muziki wenyewe. Nimewasoma wote wawili, nakubaliana nao kwa mengi, na hakuna hata mmoja anayeweza kunitetea. Schenker hakuwa Unyambwa siku Bibi alipochukua fimbo, nilikuwa mimi. Niliusikia ukweli kwa Kirimi, lugha niliyoinyonya, kisha nikaandika kinyume chake kwa kalamu yangu. Ukoloni unaeleza kwa nini nilishtuka nilipoona tano sambamba, ila hauelezi kwa nini nilidanganya baada ya kuambiwa.

Wala nadharia ya muziki haina lawama. Baada ya kuhitimu, nikiwa nimetulia, nilirudi kwenye orodha ya vitabu tuliyopewa wiki ya kwanza nikaanza kusoma ambavyo sikuvisoma. Kilikuwemo cha Simha Arom, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1985, juu ya muziki wa Afrika ya Kati. Arom aliwachezea wanamuziki rekodi zao kwa spika za masikioni, akarekodi upya sauti moja moja juu yake, akawaomba wapige makofi pale mapigo yanapokaa, na unukuzi wake ukawa haujakamilika mpaka wenyewe waukubali. Alichokifanya Bibi kwa fimbo, bila kuombwa, Arom alikijengea njia ya utafiti. Agawu naye amesisitiza kwamba mapigo ya muziki wa Afrika uyatafute miguuni mwa wachezaji kabla ya kuandika chochote. Vyote hivyo vilikuwa ndani ya somo nililoliona siku ya kwanza kuwa ni sheria za Wazungu za kuwakamata wasiojua. Nadharia inayostahili jina hilo inaeleza watu wanafanya nini na kwa nini kinafaa. Aliyeigeuza kuwa hukumu ni mimi.

Hata wenzangu niliwakosea kwa kuwatazama vile. Mpiga piano aliniambia baada ya masomo kwamba aliniogopa muhula mzima kwa sababu naweza kuimba karatasi bila kugusa kinanda. Yeye akiondolewa piano hawezi kutoa hata sauti ya kwanza. Mpiga tarumbeta hakuwahi kuandika kitu kwa kusikia hadi siku ile ya Zawose. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja, kila mmoja ameficha pengo lake, isipokuwa mpiga ganuni, na ndiye aliyejifunza kuliko sote.

Nilipoikuta tanbihi yangu kwenye kazi ya mwanafunzi yule, nilikwenda Unyambwa. Bibi amezeeka zaidi lakini sauti anayo. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia niliandika nini.

"Uliandika hatukufundishwa?"

"Ndiyo, Bibi."

Hakupandisha sauti. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayejibu swali lililochelewa kuulizwa. Alipoolewa pale aliwekwa sauti ya pili, nyuma ya mama mkwe wake. Akipotea, alipigwa kiwiko. Akipotea tena, ananyamazishwa asikilize mpaka mzunguko urudi. Hakuruhusiwa kuanzisha wimbo mpaka mkubwa wake aridhike, na mama mkwe hakuwa mwepesi wa kuridhika. Alianza kuongoza mama mkwe alipochoka kusimama kwenye jua. Sasa naye anao wake wanaokaa nyuma, akamtaja mmoja anayeimba vizuri lakini anaharakisha.

Hayo ni mafunzo, yenye mwalimu, ngazi, mtihani na cheti, cheti chenyewe kikiwa ni kukabidhiwa wimbo. Kedmon Mapana, Mgogo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), ameandika jinsi watoto wa Kigogo wanavyojifunza muziki nyumbani na kinachokatika wanapoingia shule. Nami nilikuwa mfano hai wa kukatika huko, ila nililiandika pengo hilo kwa jina la mtu mwingine. Hapo awali sikuwahi kumuuliza Bibi alijifunzaje. Mhadhiri aliniuliza "Umejuaje?" na jibu la kweli lilikuwa kwamba sikuuliza.

"Na wao walikupa nini?" Bibi akauliza.

"A, Bibi. Ndiyo maksi ya juu."

"Kumbe." Akafikiri. "Basi msimu wa kupura uje. Na fimbo utashika."

Nilikwenda. Nilishika fimbo, nikapigwa kiwiko, na sauti ya pili niliiimba vibaya kuliko mke yeyote mgeni. Nimeuandika wimbo upya, safari hii kwa alama za mishale pale sauti inapokaa chini ya ile ya piano, mapigo yakiwa pale fimbo inapopiga, sauti za sambamba zikiwa sambamba, na mwishoni hakuna mistari miwili. Nimeucheza mbele yao mpaka wakaacha kucheka. Nimemwandikia mhadhiri barua ya kukiri, nikaomba ukurasa wa masahihisho ubandikwe ndani ya kazi ya zamani. Amekubali. Maksi hazifutiki tena, na cheti ninacho ukutani. Kila mgeni akikisifia najikuta nabadilisha mazungumzo.

Mwanafunzi aliyeninukuu nimemwandikia pia. Kwa wengine ambao sitawafikia, nasema hapa: msiitumie tanbihi ile. Anayetaka kuandika juu ya waimbaji wa Unyambwa apeleke barua yake kwa mtendaji wa kata kama taratibu zinavyotaka, kisha aende msimu wa mavuno, wakati kuna uwele wa kupura. Aulize nani alimfundisha nani. Akifika kwenye sauti asiyoijua namna ya kuiandika, anyooshe mkono.